Mama Hasubiri Vigae

Maili Moja, Kibaha
3 Juni 2024

Mwalimu Shigela,

Sikuamkii. Sijui kama umenizidi umri, na hata kama umenizidi, leo shikamoo haitoki.

Naitwa Modesta Leodegar. Nina duka la vigae hapa Maili Moja, mwaka wa kumi na nne sasa. Kitabu chako, hicho ulichokiita Marehemu Anasubiri Vigae, kililetwa dukani na fundi Bernard, mteja wangu. Alikibwaga juu ya kaunta huku anacheka: "Mama Vigae, humu umeandikwa wewe." Nikacheka naye. Nilianza kukisoma Ijumaa wateja walipopungua. Jumapili sikwenda kanisani.

Nyuma ya kitabu umeandika kwamba mwenye maoni atume barua, hutaki kupigiwa simu. Haya, pokea.

Umeandika watoto wanaomweka baba yao aliyekufa ndani ya friza, sebuleni, miaka kumi na mmoja, mpaka nyumba ya kumzikia ikamilike. Jirani akijenga ghorofa, na wao wanaongeza ghorofa. Juu ya friza wanapanga soda za wageni. Siku ya mazishi ikifika, wageni wanapiga picha kwenye ngazi, wanakula, wanasifia sakafu, wanaondoka, na hakuna aliyekumbuka kumzika mzee. Haya, kejeli, nimeelewa, shule nilisoma. Lakini ukurasa wa themanini na nane yule binti anafungua friza ili alinganishe rangi ya kigae na rangi ya midomo ya baba yake! Mwalimu, nilikitupa kitabu ukutani. Kisha nikakiokota, nikaendelea kusoma, na hilo ndilo limenikasirisha zaidi.

Nani amekueleza habari zetu? Usiniambie ni bahati mbaya. Mama yetu tunamjengea nyumba huko huko Msimbu uliko wewe, yenye geti jeusi la simba wawili. Ninayechagua vigae ni mimi. Na ujue kwamba mama yangu yu hai. Sasa hivi ninapoandika anakunywa chai chumba cha pili na ananung'unika kwamba haina tangawizi.

Nataka uombe radhi kwa maandishi.

Modesta Leodegar


Msimbu, Kisarawe
14 Juni 2024

Dada Modesta,

Shikamoo, kama unanizidi. Kama hunizidi, nirudishie.

Radhi ya kitabu siombi. Kurasa zile nilizipima moja moja, na ule wa themanini na nane niliufuta mara tatu nikaurudisha mara nne. Ukiniambia umeutupa ukutani, mimi nasema umeusoma vizuri.

Lakini iko radhi nyingine ninayodaiwa, na hiyo naitoa kwa magoti.

Geti la simba wawili nalijua. Nilihamishiwa shule ya hapa miaka minne iliyopita, nikitokea Shinyanga kwetu, sikuwa na mwenyeji. Kila asubuhi napita mbele ya nyumba ile. Siku moja nilimuuliza fundi Mwinyijuma ni ya nani. Akasema, "Ya msiba wa mama yao, wako mjini." Nikatazama ukutani, karibu na mlango, nikaona jiwe la granaiti lililokwisha kupachikwa: Kwa kumbukumbu ya mama yetu mpendwa, Genoveva, 1946, kisha kistari, kisha nafasi tupu. Nikajua mchongaji hajamaliza kazi. Nikajua mama amefariki, yuko mochwari ya huko mjini, anangoja. Kila mwezi nikapita, nafasi ile bado tupu. Kitabu kilianzia hapo.

Sikujua kwamba yu hai, dada. Ningejuaje? Nimelipeleka jina lake kwa katekista wa kigango chetu alisome kwenye orodha ya marehemu. Linasomwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Hata Juni hii limesomwa.

Kwa hilo nisamehe. Mwambie mama shikamoo yangu, na kwamba nitalitoa jina.

Shigela


Maili Moja, Kibaha
25 Juni 2024

Mwalimu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa kwenye boksi la vigae. Kumwombea mtu aliye hai misa ya wafu! Na wewe unajiita mwalimu.

Umeniuliza ungejuaje. Jiwe lile lilitoka dukani kwangu. Kaka yangu Athanas ndiye aliyetoa maneno, mimi nikachagua rangi. Tulisema tuliweke mapema kwa sababu wachongaji wazuri hawapatikani kwa haraka. Lilionekana jambo la akili. Nilipoliona kwenye mwandiko wako ndipo nilipolisoma.

Lakini usidhani umenishinda. Ninyi mnaoandika mnacheka nyumba za msiba, hamkuwepo baba yetu alipozikwa. Ilikuwa 2011, Aprili, mvua ya kumwaga. Nyumba ya udongo, vyumba viwili. Choo kilititia siku ya pili, wageni wakawa wanaingia porini na suti zao. Bosi wa kaka Athanas alisimama chini ya upenu wa banda la kuku ameikumbatia sahani ya pilau kifuani isilowe. Wiki iliyofuata, nikiwa kwenye foleni hapa stendi, niliwasikia wanawake wawili nyuma yangu: "Watoto wana magari, baba kazikwa kwenye matope." Hawakujua kwamba ni mimi. Niliondoka kwenye foleni.

Tukaapa, mimi na kaka, haitatokea tena. Hiyo ndiyo tamaa ya vitu unayoisema? Mimi naiita heshima. Sioni haya, na nyumba itakamilika. Mama ameridhika. Ana chumba chake, televisheni yake, na hajalalamika hata siku moja.

Usimwandikie. Kitabu chako nimekifungia kwenye droo ya jikoni chini ya vitambaa, pamoja na barua yako, asikutane navyo.

Modesta


Maili Moja
2 Julai 2024

Mwanangu Mwalimu Shigela,

Mimi ndiye marehemu Genoveva. Misa zimefika. Magoti yamepata nafuu kidogo.

Barua hii anakuletea Sadick, anayepeleka saruji huko kwenye nyumba yangu. Modesta hajui, na wewe usimwambie. Ameficha kitabu chako kwenye droo ya vitambaa, na katika nyumba hii anayekunja vitambaa ni mimi.

Nimekisoma siku tatu kwa miwani na tochi ya simu. Usishangae. Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapo Msimbu. Nusu ya wazee wa hapo herufi a wameipata kwangu, kwenye ubao uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu. Kwa hiyo naomba uniruhusu nisahihishe kazi yako.

Kwanza, nimecheka mpaka nikashika mbavu. Pale soda zinapopangwa juu ya friza na mjomba anasema, "Mzee alipenda wageni," nililazimika kufunika mdomo kwa kanga, Modesta asije akauliza. Ukurasa ule uliomuudhi mwanangu haukuniudhi. Nilimwonea huruma yule binti, maana ndiye pekee aliyefungua friza kumwangalia baba yake.

Pili, kosa. Umemfanya marehemu akae kimya kitabu kizima. Kurasa mia mbili watu wanamwekea chupa kichwani, hasemi kitu! Mimi nisingekaa kimya. Ningegonga mfuniko.

Mwanangu, mwaka wa tatu huu nagonga mfuniko. Walinichukua wakasema, mama, miezi sita tu, tunabomoa nyumba ya udongo tunakujengea nzuri, utarudi. Nikisema nataka kwenda kwangu, wananijibu bado geti. Geti limewekwa, bado choo cha wageni. Choo kimekwisha, bado vigae, na Modesta ananionyesha kipande, mama tazama hiki kinavyong'aa. Nami nina miaka sabini na minane. Si mtoto mbaya. Ananipikia, ananipeleka kliniki, akinisikia nakohoa anakuja peku. Lakini hanisikii nikisema neno hilo moja. Na kuzikwa siogopi. Ninachoogopa ni kurudi kwangu nikiwa nimebebwa.

Sasa jibu maswali mawili, kwa ukweli, kama mtihani. Nyumba ile ina paa? Na lile jiko langu la nje, la makuti, wamelibomoa au lipo?

Mpe Sadick majibu.

Genoveva


Msimbu
9 Julai 2024

Mama Genoveva, shikamoo.

Swali la kwanza. Nyumba ina paa, milango, madirisha yenye nondo na vioo, maji na umeme. Sakafu ni saruji iliyosuguliwa vizuri. Kinachokosekana ni vigae tu. Nilimuuliza Mwinyijuma tangu lini mtu angeweza kulala humo. Akasema tangu Agosti ya mwaka jana, na kwamba yeye mwenyewe hulala humo mvua ikimkuta. Vigae vimeletwa mara nne na kurudishwa mara nne. Kila vikifika, simu inapigwa kutoka Kibaha kwamba vimekuja vingine vizuri zaidi.

Swali la pili. Jiko lipo. Makuti ya upande mmoja yamechoka. Mafiga yako matatu yapo, kuku wa jirani ametagia katikati.

Kuhusu kosa la kitabu, sina utetezi. Sikujua kwamba marehemu anaweza kusema.

Mama, mimi siwezi kukushawishi jambo lolote. Wenye mama ni wao. Nimejibu mtihani tu.

Mwanafunzi wako,
Shigela


Msimbu, Kisarawe
29 Julai 2024

Kaka Athanas, shikamoo.

Umenitoa kwenye grupu la familia na simu zangu hupokei, basi nakuandikia kwa kalamu. Barua huwezi kuizima.

Ni kweli, mama aliondoka kwangu Jumamosi iliyopita nikiwa dukani. Alipanda lori la saruji la Sadick, mbele, amevaa gauni lake la kanisani, na begi lile la bluu. Mezani aliacha karatasi: "Nimekwenda nyumbani. Chai iko kwenye chupa." Sikufichi, kaka, nilikuja huku na hasira ya kumrudisha siku ileile. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na mengi yalikuwa ya kumtukana yule mwalimu.

Nilimkuta sebuleni kwenye saruji, juu ya mkeka, amelala usingizi wa mchana, milango yote miwili wazi, upepo unapita. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi. Kwangu mama anajigeuza kitandani kama mtu anayetafuta kitu. Pale alikuwa ametulia kabisa. Nilikaa chini nikalia, kaka. Nimelia kwa sauti mpaka akaamka akaniuliza nani amekufa.

Nikamuuliza mbona umetoroka kama mfungwa. Akasema, "Mfungwa huwa anajua tarehe yake."

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Aliyekuwa anarudisha vigae ni mimi. Wewe ulidhani ni mzigo mbovu. Mzigo haukuwa mbovu hata mara moja. Kila gari lilipoondoka dukani kuja huku, nilikuwa nakosa raha, nikitafuta ila, rangi, mstari, ukubwa, mpaka nipige simu virudishwe. Nilidhani ni kwa sababu nataka kizuri zaidi. Nimeelewa nikiwa nimekaa kwenye ile saruji. Nyumba ya msiba ikikamilika, kinachobaki ni msiba. Niliogopa. Nilikuwa namchelewesha mama asife, na kwa kufanya hivyo nikamnyima nyumba yake. Mwalimu yule aliandika binti anayefungua friza, nami nikamchukia. Kumbe nilikuwa nimeushika mfuniko.

Nasikia umetoa amri mama arudishwe Kibaha kabla ya Jumapili. Simrudishi. Kamati ya familia ikae, isikae, simrudishi. Duka nimemwachia Bernard wiki hii, mimi naezeka jiko kwa makuti mapya pamoja na Mwinyijuma. Vigae vilivyokuwa vya hapa nimeviuza.

Njoo umwone. Njoo bila wajumbe.

Mdogo wako,
Modesta


Dar es Salaam
6 Agosti 2024

Modesta,

Nimepata barua yako. Naandika kwa ufupi kwa kuwa nina vikao.

Umeongozwa na mtu wa kitabu kuvunja makubaliano ya familia. Mimi ndiye mkubwa, na baba aliniachia mimi familia. Naambiwa jiwe la granaiti halipo ukutani. Nani kalitoa, na liko wapi? Naambiwa pia kwamba uwanja uliotandikwa matofali ya pevingi kwa ajili ya maturubai ya wageni umejaa mihogo.

Jibu swali moja tu. Ikitokea Mungu amemchukua mama hapo, sakafu ikiwa hivyo, watu tutawaambia nini? Umesahau bosi wangu na sahani yake? Mimi sijasahau hata siku moja.

Athanas


Msimbu, Kisarawe
18 Agosti 2024

Mwanangu Athanas,

Modesta amenipa barua yako nisome, akasema hawezi kuijibu bila kukukosea adabu. Mimi naweza, sina wa kumwamkia kati yenu.

Najua ulivyoumia siku ya baba yako. Nilikuona. Ulisimama kwenye matope unawaomba radhi watu wazima mmoja mmoja, hukupata hata nafasi ya kulia. Lakini mimi nilikuwa ndani na baba yako. Hakulowa. Watu wa hapa walimshika, wakamwosha, wakaimba mpaka asubuhi, na aliyekuwa anawatazama wageni wa suti ni wewe tu. Aibu uliyoibeba miaka yote hii si yake na si yangu. Itue, baba.

Mihogo ni kweli. Ni makopa. Zile pevingi ulizoweka zinashika jua vizuri, yanakauka siku mbili badala ya nne. Nakushukuru sana kwa hilo, na wanawake wenzangu wanakushukuru, maana na wao wanaanika hapa. Holo, mke wa mwalimu, ananiletea maziwa. Wanafunzi wangu wa kisomo waliobaki ni saba. Wawili hawaoni vizuri, kwa hiyo Jumatano jioni Mwalimu Shigela anatusomea kitabu chake sebuleni. Tukifika kwenye friza tunamsimamisha na kumwambia marehemu angesema nini. Anaandika pembeni ya kurasa. Anasema akipiga chapa tena, marehemu atasema.

Jumapili ya kwanza ya mwezi nilikwenda kigangoni. Mwalimu alisema ametoa jina langu, lakini katekista alikuwa na karatasi ya zamani. Akasoma marehemu wote, akafika: "Genoveva." Nilikuwa benchi la tatu. Nikaitika, "Nipo." Mwanamke mmoja alidondosha kitabu cha nyimbo. Padre mwenyewe alishindwa kuendelea kwa kucheka. Sijacheka hivyo tangu baba yako alipokuwa hai.

Sasa maswali yako, mkubwa wa familia.

Umeuliza nikifa hapa kabla ya vigae, watu mtawaambia nini. Waambie mama alikuwa nyumbani. Anayetaka sakafu nzuri, aje dukani kwa dada yako, zipo. Mvua ikinyesha, ingieni ndani, nyumba ni kubwa, umeijenga mwenyewe. Ila wewe mwanangu usije siku hiyo. Njoo wiki hii. Njoo na viatu vya kukanyagia matope, tukavune mihogo ya nyuma, mgongo wangu hauinami tena.

Umeuliza jiwe nani kalitoa. Nililitoa mimi, kwa patasi ya Mwinyijuma, yeye akishika ngazi kwa woga. Usiogope, halikuvunjika. Ni jiwe zuri, baridi, limenyooka. Lipo jikoni kwangu, upande wa maandishi umelala chini, na upande wa juu nasukumia chapati. Hazijawahi kutoka nyembamba hivi. Siku ikifika mtaligeuza na kuliosha unga.

Ila ile nafasi uliyoiacha baada ya mwaka wangu wa kuzaliwa, usimtume mchongaji bado. Naitumia.

Mama yako,
Genoveva